Wacheni Kusingizia Gasketi: Pikapu Yako Inauawa na Haraka Yako

Wadau, leo sibembelezi mtu. Haiishi wiki kabla sijasikia msee akilia vile pikapu yake ya turbo "imechoma gasketi", na hukumu huwa imeshatolewa: hizi gari za siku hizi ni takataka, Mjapani ameanza kutengeneza karatasi, nunua ya zamani. Watu wanaitikia amina, kesi inafungwa.

Mimi naifungua tena. Nasema hivi: gasketi nyingi za hedi zinazochomeka hapa Kenya hazifi kifo cha kawaida. Zinauawa. Na wanaoziua ni watatu, wote tunawajua: dereva anayekanyaga moto injini ikiwa bado baridi, fundi anayetoa themostati akaitupa, na mwenye gari anayeona kulanti ni anasa ya matajiri wa Karen. Ukitaka kukasirika kasirika, lakini soma hadi mwisho kwanza.

Gasketi ni nini hasa?

Injini ina sehemu mbili kubwa. Chini ni bloku, penye silinda na pistoni. Juu ni hedi, penye valvu. Kwenye pikapu nyingi za dizeli tunazoendesha hapa, bloku ni chuma kizito na hedi ni aluminiamu. Katikati yake kuna kitu chembamba kama ganda, mara nyingi tabaka za chuma laini. Hiyo ndiyo gasketi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visionane kabisa: moto wa silinda, maji ya kupoza na oili. Upande mmoja ni mlipuko, upande mwingine ni maji, na ukuta ni upana wa milimita chache tu.

Sasa sikiza hapa. Dizeli ya kisasa yenye turbo, ikichoma mafuta chini ya mzigo, inaweza kupandisha presha ndani ya silinda kupita bar 150. Tairi ya gari ndogo ina bar mbili na kitu. Piga hesabu mwenyewe. Kitu pekee kinachozuia hedi isiinuke ni bolti zake, zimevutwa kama raba, zinabana. Bolti zikibana sawasawa na hedi ikikaa bapa, gasketi inaweza kuishi umri wote wa gari. Hedi ikipinda hata kidogo, kwisha.

Na hedi hupinda kwa joto. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua hedi ya nusu mita, asubuhi ya Limuru nyuzi 15, uipeleke hadi nyuzi 90. Hedi itarefuka kama milimita 0.86. Bloku chini yake itarefuka kama 0.41. Hiyo tofauti ya karibu nusu milimita inasugua juu ya gasketi kila siku unapowasha na kuzima. Wahandisi wanajua hilo na waliunda gasketi ivumilie, mradi joto lipande polepole na kwa usawa. Wewe unatoka geti Rironi ukirusha gari, turbo inapiga mluzi, juu ya silinda kuna moto mkali na bloku ya chini bado baridi kama jiwe la mto. Halafu unashangaa.

"Lakini Hilux haifi!"

Hii ndiyo hoja ninayopigwa nayo kila mara. Kuna programu ya Top Gear ya Uingereza, mwaka 2003, waliosukumia Hilux mateso yote: wakaigonga, wakaiacha bahari ikaimeza, wakaiweka juu ya jengo likaporomoshwa nayo. Ikawaka. Kila mvulana wa mtaa ameona hizo klipu, na kila mmoja anaamini gari la mjomba wake ni hiyo hiyo.

Buda, hiyo ilikuwa Hilux ya 1988. Dizeli ya kizamani, kabla ya komon reli kuingia kwenye pikapu. Hilux ya lita 2.8 ya otomatiki iliyotoka 2020 inatoa torki ya Nm 500. Hizo ni nguvu za lori dogo kutoka injini ya silinda nne. Jina kwenye mlango wa nyuma wa pikapu limebaki lile lile, lakini kilichoko chini ya boneti ni mnyama mwingine. Injini ya zamani ilikuwa punda: mpige, atanung'unika na ataendelea. Hii mpya ni mwanariadha wa Iten. Anaweza kukuacha mbali sana, lakini hata yeye hatoki kitandani akaanza kukimbia mita 800 kwa spidi ya fainali. Ananyoosha misuli kwanza.

Kwa hivyo hoja ya "haifi" ni hoja ya gari lingine, zama zingine. Usiitumie kama leseni ya kutesa la leo.

Mshtakiwa wa kwanza: mguu wako

Kuna imani mbili mtaani kuhusu asubuhi, na zote ni mbovu.

Ya kwanza ni ya wanaume wenye haraka: washa, rudi nyuma, kanyaga. Oili ikiwa baridi ni nzito, na inachukua muda kufika kila mahali. Turbo nayo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa hiyo hiyo oili. Ukikanyaga kabla haijafika vizuri, unasaga chuma kwa chuma. Na hao wa kurekodi klipu za "cold start" wakipiga resi hadi jirani anaamka, mnawafundisha watoto kuua injini kwa ajili ya laiki. Hiyo sauti mnayoipenda ni injini ikiomba msamaha.

Ya pili ni ya wazee wa ploti: washa, iache ingurume dakika ishirini, nenda ukaoge, kunywa chai, rudi. Hii nayo ni ujinga wenye heshima. Dizeli ikinguruma bila mzigo hutoa joto kidogo sana. Inakaa baridi muda mrefu, inachoma mafuta vibaya, masizi yanajaa kwenye njia za hewa, dizeli isiyoungua inateremka na kuchanganyika na oili. Wakati huo ploti nzima inavuta moshi, pamoja na mtoto wa jirani mwenye pumu. Hujapasha injini, umechafua injini na mapafu ya watu.

Njia sahihi iko katikati, na ni rahisi hadi inaudhi. Washa. Ngoja nusu dakika hadi dakika moja, taa ya oili izime na mngurumo utulie. Hapa si Alaska, haihitaji zaidi. Kisha ondoka polepole. Usivuke mizunguko 2,000 na kitu, usivute trela, usipande mlima ukikanyaga hadi chini. Injini inapata joto haraka zaidi ikifanya kazi nyepesi kuliko ikisimama. Mshale wa joto ukifika katikati, mpe dakika zingine kadhaa, kwa sababu mshale unapima maji, na oili huchelewa nyuma ya maji. Baada ya hapo, kanyaga utakavyo. Si nimesema sibembelezi mtu? Pia sizuii mtu kufurahia gari lake.

Na jioni kuna dhambi ya pili: kuzima ghafla. Umetoka Mai Mahiu ukipanda na tani ya vitunguu, turbo inawaka nyekundu, unafika juu unazima ukimbie kununua mahindi choma. Oili iliyoachwa ndani ya turbo inachemka na kuungua hapo hapo. Maji yamesimama, na hedi inabaki na sehemu moto na sehemu baridi. Vitabu vya dizeli za turbo husema wazi: baada ya mlima au mwendo mkali, iache ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Ukiendesha tu mjini polepole, huhitaji. Kitabu hicho kiko kwenye droo mbele ya abiria, chini ya risiti za maegesho na chaja zilizokufa. Kifungue siku moja.

Mshtakiwa wa pili: fundi wetu mpendwa

Hapa ndipo nitapoteza marafiki. "Toa hiyo themostati, hiyo ni ya nchi za theluji, sisi huku ni joto." Umeisikia Grogan, umeisikia Industrial Area, umeisikia chini ya mti kwa kila kituo cha mafuta. Ni uongo, na ni uongo ghali.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa, maji yanazunguka ndani tu, injini inapata joto haraka. Ikifika nyuzi 80 na kitu, mlango unafunguka na maji yanaenda kwenye rediata kupozwa. Ukiutoa mlango, injini yako inatembea baridi kutoka Rongai hadi tauni, kila siku, na ile nusu saa ya hatari inakuwa safari nzima. Silinda zinalika, oili inachafuka, mafuta yanaliwa zaidi.

Lakini ngoja, kuna chenye utamu zaidi. Kwenye injini nyingi za Kijapani, themostati ikifunguka upande wa rediata, wakati huo huo inafunga njia ya mkato inayorudisha maji ndani bila kupozwa. Ukiitoa, hiyo njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuonana na rediata hata kidogo. Kwenye barabara tambarare hutajua. Ukianza kupanda na mzigo, gari inachemka. Kwa hivyo ile dawa ya kuzuia gari isichemke ndiyo inayoichemsha. Halafu fundi yule yule anakulipisha kubadilisha gasketi. Biashara nzuri sana, kwake.

Na akibadilisha, anabadilishaje? Hedi haipimwi kama imepinda. Bolti zinarudishwa zile zile, ingawa kwenye injini nyingi za kisasa hizo bolti hunyooka zikikazwa na zinafaa kutumika mara moja tu. Spana ya kupima nguvu ya kukaza haipo, kuna bomba la kurefusha mkono na "nimezoea, najua vile inafaa kusikika". Miezi mitatu baadaye gasketi inatoka tena, na lawama inarudi Japani.

Nitakuwa mkweli pia kwa fundi. Mara nyingi amekuambia ununue bolti mpya na themostati mpya, ukasema "fanya tu itembee, doo hakuna". Fundi wa jua kali anafanya kazi na kile unachomlipa. Lakini fundi mwenye heshima ana neno moja ambalo angeweza kulitumia: hapana. Daktari hakatai glovu kwa sababu mgonjwa hana pesa za glovu.

Mshtakiwa wa tatu: maji ya mfereji

Nairobi iko juu ya mita 1,700 hivi. Kwa urefu huo, maji kwenye sufuria yanachemka karibu nyuzi 94, si 100. Ukifika Timboroa, juu ya mita 2,700, yanachemka karibu 91. Injini yako inafanya kazi karibu nyuzi 90. Unaona tatizo?

Kinachookoa ni kifuniko cha rediata. Kile kifuniko kina springi inayoshikilia presha, na presha hiyo inasukuma kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 115 hata hapa Nairobi. Kikilegea, umebaki na sufuria ya ugali chini ya boneti. Maji yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke haupozi chuma. Mahali penye kiputo cha mvuke hedi inapata joto kupita kiasi, inapinda, gasketi inaachia. Spea ya bei rahisi kuliko chakula cha mchana cha watu wawili inaweza kuua injini ya pikapu ya mamilioni.

Kulanti halisi inaongeza ulinzi mara mbili. Inapandisha kiwango cha kuchemka, na ina dawa ya kuzuia kutu. Maji ya mfereji, na mbaya zaidi ya kisima chenye chumvi, yanakula aluminiamu taratibu na kuacha ukoko kwenye njia ndogo za hedi. Gasketi yako inaanza kuoza kutoka upande wa maji kabla hata moto haujaigusa. Na usidanganywe na rangi. Kuna maji ya kijani yanauzwa kando ya barabara ambayo ni rangi tu. Soma kibandiko, fuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

"Kwa hivyo kiwanda hakikosei kamwe?"

Hukosea, na sitaficha. Marekani kuna kesi maarufu: pikapu za Ford Super Duty za 2003 hadi 2007 zenye V8 ya dizeli ya lita 6.0 iliyoundwa na Navistar. Gasketi za hedi zilikuwa zikiachia hadi injini ikawa mzaha. Bolti za hedi hazikuwa na akiba ya nguvu ya kutosha, hasa wenye gari walipoongeza presha ya turbo kwa programu za mtaani. Hilo ni la mchoraji.

Lakini walipochunguza zaidi, waligundua mlolongo. Uchafu kwenye kulanti ulikuwa ukiziba kipoza oili. Kikiziba, maji hayafiki vizuri kwenye kipoza moshi kilichoko mbele yake. Kile nacho kinachemka, kinapasuka, presha inapanda kwenye mfumo mzima, na gasketi inamaliza kazi. Wenye hizo gari wakajifunza kufunga geji halisi mbili, ya maji na ya oili. Tofauti ikipita nyuzi 15 za Fahrenheit, kama 8 za Selsiasi, wanajua kipoza oili kimeanza kuziba, wanachukua hatua kabla ya moshi mweupe. Yaani hata pale kiwanda kilipokosea, aliyepima na kutunza maji yake ndiye aliyebaki barabarani.

Na nyinyi vijana wa kuongeza nguvu pikapu kwa laptopu hapo Nairobi, hiyo stori ni yenu. Ukiongeza presha ya turbo, unaongeza nguvu inayotaka kuinua hedi, lakini bolti ni zile zile.

Nani analipa?

Hii si stori ya vyuma tu, na ndiyo maana nimekasirika. Pikapu hapa si mapambo. Ni kazi. Ni kijana aliyekopa sako kununua D-Max ya mkono wa pili abebe mboga kutoka Nyandarua hadi Wakulima. Gasketi ikichomeka, kazi inasimama wiki mbili, deni halisimami hata siku moja. Ni dereva wa miraa anayetoka Maua usiku, anakimbizwa na jani ambalo siku mbili tu zinalimaliza thamani, halafu akifika anaambiwa azime haraka apakue. Ni dereva wa miaka 23 aliyeajiriwa, bosi anampigia simu saa kumi na moja alfajiri, "uko wapi, ondoka sasa hivi", na injini ikifa bosi huyo huyo anakata mshahara wake.

Mabosi, nawaambia nyinyi moja kwa moja: mkitaka gari liishi, mpeni dereva dakika tatu. Moja asubuhi, mbili akifika. Ukimnyima hizo dakika tatu, usimkate hata senti hedi ikipinda. Uliipinda wewe kwa simu.

Na madereva, jifunzeni dalili ili msiwe wa kulaumiwa bure. Maji yanapungua na hakuna tone chini. Mipira ya rediata ni migumu asubuhi kabla hata hujawasha. Viputo havikomi kwenye tenki ya maji injini ikinguruma. Moshi mweupe wenye harufu tamu haukatiki hata baada ya kupata joto. Oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukiona mojawapo, simamisha gari na useme, kwa meseji, ili iwe na tarehe. Mshale wa joto ukipanda nyekundu, simama. Usisogeze "hadi hapo mbele kidogo". Usifungue kifuniko kikiwa moto, kitakubabua uso. Na usimwagie injini moto maji baridi. Kuitisha brekdauni ni ghali, hedi iliyopasuka ni ghali zaidi.

Haraka haraka haina baraka, na kwa injini ya turbo hiyo si methali, ni fizikia. Nunua kifuniko kipya cha rediata. Rudisha themostati. Weka kulanti ya kweli. Asubuhi tulia, mlimani ukifika juu tulia tena. Ukifanya hayo yote na gasketi bado ichomeke, njoo hapa na risiti zako, tutamlaumu Mjapani pamoja, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga kelele. Kabla ya hapo, msee, muache apumzike.